Siku Mrija wa Ansima Ulipotolewa

Bukavu, Jumamosi mchana. Mvua imeanza alfajiri na haijakata. Kutoka dirisha hili siku nyingine unaliona ziwa. Leo pale lilipo kuna weupe tu. Niko hospitalini, kwenye benchi nje ya chumba cha watoto, simu mkononi. Ansima amelala.

Asubuhi walimtoa mrija, ule mwembamba uliokuwa ukitoka ubavuni mwake. Hakulia. Alinishika kidole, akakibana kwa nguvu zake zote, daktari akavuta, ikaisha.

Nimefurahi. Lakini chini ya furaha hiyo kuna kitu kingine kimekaa, na ndicho kinachonifanya niandike wakati ningeweza kulala, maana usingizi ninao wa kutosha.

Kwenye ukurasa huu huwa naandika mambo ya watoto ninaowafundisha shule ya chekechea kule Nguba, nani kamwuma nani, nani kajifunza kushika kalamu. Habari hii sijawahi kuiandika. Niliona aibu.

Ansima si mtoto wa tumbo langu. Mama yake, Faida, alikufa kwa ajali ya gari kwenye barabara ya Uvira, akirudi kutoka Sange alikokwenda kununua mchele wa kuuza. Ansima alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuongea. Mimi niliolewa na baba yake baadaye. Baba yake anaitwa Bisimwa, ni fundi wa magari, mtu mpole, watu wote wanamsifu. Ansima ananiita tantine, yaani shangazi. Sijawahi kumwomba aniite jina lingine. Sasa ana miaka saba.

Tumbo lilianza kumuuma zamani kidogo. Linauma, linaacha. Tukampa dawa za minyoo. Tukampa za malaria. Kwenye kituo cha afya wakasema ni taifodi, tukampa na hizo. Kila mara alipata nafuu, nasi tukasahau.

Kisha Jumapili moja tukitoka Misa, alinyanyua uso juani aniulize kitu, nikayaona macho yake. Ule weupe ulikuwa umegeuka, una rangi ya ndizi inayoanza kuiva.

Jioni nilipomwogesha, mkono wangu ukagusa kitu chini ya mbavu zake za kulia. Laini, cha mviringo, kama limao. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, na choo chake cheupe kama majivu. Nilimkausha, nikamvalisha, nikamwambia atapona.

Koko akaja kutoka Walungu. Koko ndivyo tunavyoita bibi huku. Huyu ni mama yake Faida. Aliketi, akamweka mtoto katikati ya magoti yake, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba. Akaangalia. Mimi hakuniangalia.

"Mutoto balimulisha kitu," akasema. Kisha akamgeukia Bisimwa. "Mu nyumba hii, nani anapikaka?"

Mimi ndiye ninayepika.

Asiyekaa Bukavu hawezi kujua uzito wa swali hilo. Hapa kuna neno karuho. Ni sumu, wanasema, mtu anakutilia kidogo kidogo kwenye chakula au pombe, unakauka polepole, unageuka rangi, unakufa. Sijawahi kuiona. Sijui mtu aliyeiona. Lakini nawajua waliohama mtaa kwa sababu ya neno hilo tu. Na mtoto akiugua hivyo, wa kwanza kufikiriwa ni mama wa kambo.

Nilingoja Bisimwa aseme kitu. Alikuwa anavua viatu.

"Tungojee kwanza," akasema. "Tuone."

Tuone nini?

Koko alitaka mtoto apelekwe kwa mzee mmoja anayetapisha watu. Bisimwa hakukubali, hakukataa. Siku zikapita hivyo, sote tukiongea kwa sauti ya chini kama nyumba yenye mgonjwa mahututi, na mgonjwa mwenyewe anacheza na wanasesere wake sakafuni, macho ya manjano.

Ikaja ile jioni. Nilikuwa nimepika bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani anavyovipenda kuliko nyama. Nikamwekea sahani yake. Akaiangalia. Ni mtoto mwenye adabu sana, hata akikataa kitu anakataa kwa upole.

"Tantine," akasema, "onja kwanza."

Sikumwuliza nani kamfundisha. Nilikata tonge, nikachukua samaki mmoja, nikala, nikameza mbele yake. Akangoja kidogo. Kisha akala.

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, nikalia hadi nikaishiwa machozi. Nikanawa uso, nikarudi kuosha vyombo. Kuanzia siku ile nikawa naonja kila sahani yake kabla hajaniambia, ili asilazimike kuniomba tena.

Jumatatu sikwenda kazini. Bisimwa alipotoka tu, nilimvalisha Ansima koti, tukapanda pikipiki hadi hospitali huku Ibanda. Sikumwomba mtu ruhusa.

Wakampaka yale mafuta baridi tumboni, wakapitisha kile chombo cha kupiga picha za ndani. Alicheka, kinamtekenya. Kwenye televisheni yao kulikuwa na duara jeusi. Yule aliyekuwa anapima akaacha kuongea. Akatoka, akarudi na daktari mwingine, mpasuaji wa watoto, mtu mrefu anayeongea taratibu kama yuko kanisani.

Alinichorea. Ini hili hapa, akasema, humu ndimo nyongo inatengenezwa. Inashuka kwa njia nyembamba hadi kwenye utumbo. Kwa Ansima njia hiyo imevimba, imekuwa kama kifuko. Nyongo inakwama humo, inarudi nyuma, inaingia kwenye damu. Ndiyo maana macho yamekuwa hivyo.

"Nini ililetaka ile, dokta? Ni chakula?"

"Hapana, maman. Haiko chakula. Alizaliwa nayo."

Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, akidhani sikuelewa.

Hapa niandike ukweli, la sivyo hakuna maana ya kuandika. Kabla sijaogopa kwa ajili ya mtoto, kabla sijauliza kama atapona, nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Nilifurahi. Mtoto amelala pale na kifuko tumboni, nami nafurahi kwamba ugonjwa wake haukutoka kwenye chungu changu. Ilikuwa kwa muda wa pumzi moja tu. Lakini ilikuwepo, na Ansima alikuwa ananitazama.

Daktari akaendelea. Kifuko hicho hakiponi kwa dawa. Kikiachwa, nyongo inaingiwa na vijidudu, ini linaharibika, na akishakuwa mkubwa panaweza kugeuka kansa. Lazima kitolewe chote, pamoja na kibofu cha nyongo, halafu utumbo uvutwe juu uunganishwe na njia inayotoka kwenye ini. Wao wanaweza kuifanya kwa matundu madogo. Wanajaza tumbo hewa ili lipanuke, wanaingiza kamera nyembamba kitovuni, wanafanya kazi wakiangalia kwenye televisheni. Mtoto anaumia kidogo, anainuka mapema.

"Lakini nikikuta mule ndani iko mubaya, nitamufungua ile ya kawaida," akasema. "Sitabishana na tumbo ya mutoto. Na kisha inaweza kuvuja. Mujue nilibaambia."

Zamani mwenye uwezo angempeleka Kinshasa. Siku hizi hakuna ndege inayotua Kavumu, uwanja wetu wa ndege. Ilikuwa ni hapa au basi.

Bisimwa akaitwa, akaambiwa vilevile: alizaliwa nayo. Akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. Koko alikuwa amesimama mlangoni.

"Matundu," akasema. "Na sumu itatokea mu matundu?"

"Koko, hakuna sumu," akasema daktari.

"Binti yangu alizaa mutoto muzima," akasema Koko.

Koko akanijia mimi, akasimama karibu hadi nikasikia harufu ya moshi wa kuni kwenye kikwembe chake, kile kitenge alichojitanda.

"Mutoto akikufa, we njo utajibu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekupa taarifa: mimi ndiye nitakayejibu. Bisimwa alikuwepo. Alisikia.

Siku ya upasuaji tulikaa benchi moja, Koko mwisho ule, mimi mwisho huu, Bisimwa akitembea huku na huko uani. Koko alikuwa na rozari yake na mimi yangu. Tulisali Salamu Maria zilezile kwa ajili ya mtoto yuleyule, bila kuangaliana. Umeme ukakatika. Nikaifikiria ile televisheni yao ikizimika wakiwa katikati ya tumbo lake. Jenereta ikanguruma, nikapumua. Baadaye nikaambiwa vyombo vyao vina betri na wala havikuzimika, lakini wakati ule sikulijua hilo.

Nilichojua ni hiki: Ansima akifa, sitakuwa na mahali pa kumlilia. Hawatanipa nafasi kwenye mkeka wa msiba. Nitakuwa muuaji, na muuaji halii.

Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa ua mpasuaji alipotoka.

"Imetoka yote," akasema. "Kwa matundu tu."

Bisimwa akakaa chini sakafuni, hivyo hivyo na nguo zake safi. Wakatuletea kile kifuko ndani ya bakuli la chuma tukione. Kilikuwa kama puto lililoisha hewa. Nikakitazama. Bisimwa akakitazama. Koko akageuza uso.

Ansima aliamka akilalamika bega. Tumbo hakulitaja, ni bega tu. Nikadhani wamemwangusha. Muuguzi akanieleza kwamba ile hewa waliyomjaza, ikibaki kidogo, maumivu yake yanasikika begani, yatakwisha. Yakaisha.

Kigumu kilikuja baada ya hapo.

Walikuwa wamemwachia mrija ubavuni ili utoe maji yaliyobaki, unamwaga kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kitandani. Mwanzoni yalitoka maji mekundu mepesi. Kisha joto likampanda, na mfuko ukaanza kujaa kitu cha kijani, kizito, chenye umanjano pembeni. Koko alifika asubuhi hiyo. Akainama. Akauangalia mfuko kwa muda mrefu.

"Njo hii," akasema. "Njo ile balimulisha. Sasa inatoka."

Akina mama wa shirika letu la parokia walikuwa wamekuja kumwombea mgonjwa. Wakauangalia mfuko, kisha wakaniangalia mimi. Wakaimba wimbo mfupi, wakaondoka. Mmoja wao, ambaye watoto wake wawili wamepita mikononi mwangu shuleni, hakunipa mkono.

Daktari alisema ni nyongo tu. Pale alipounganisha utumbo panavuja. Mara nyingi panajifunga penyewe. Pasipojifunga itabidi arudi ndani, na safari hii kwa kumpasua. Akaongeza dawa. Akakataza asile kitu kwanza.

Basi Ansima akawa ananiomba chakula, nami namnyima. Alikuwa ananiomba kwa upole uleule. Koko akamwambia mama wa kitanda cha jirani kwamba mnaona, hata chakula ananyimwa. Nilikuwa nimesimama pale pale, nina kitambaa cha kumpangusa mtoto midomo.

Nilimfuata Bisimwa nje. Nikamwomba aseme neno moja tu mbele ya wale watu. Neno moja.

"Batu bataongea tu," akasema. "Utabafunga midomo?"

Hakuwa mkali. Hajawahi kuwa mkali. Alinishika bega, akarudi ndani kwa mtoto wake.

Nilikaa karibu na kile kitanda nikiutazama ule mfuko kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote maishani. Nikiona umetulia nilidhani umeziba, nikiona umejaa nilidhani ndiyo mwisho. Nilisali sala ambazo siwezi kuziandika hapa. Kuna wakati nilisali kwa ajili yake na kuna wakati nilisali kwa ajili yangu, na sikuweza tena kuzitenganisha.

Kisha joto likashuka. Mfuko ukawa unajaa kidogo, tena kidogo zaidi. Ule ukijani ukafifia, maji yakawa karibu meupe. Macho yake yakaanza kusafika, kwanza pembeni, halafu kote. Siku choo chake kiliporudi rangi nilikimbia kumwita muuguzi kana kwamba nimeona muujiza. Alinicheka hadi akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Leo asubuhi, mrija ulipokwisha kutoka, mpasuaji alikaa karibu na Koko akamwonyesha kwenye simu yake picha za siku ya upasuaji, zile za video zilizochukuliwa na kamera tumboni mwa Ansima. Ni mtu mwenye subira yule. Koko alitazama vile vyombo vyembamba kama mikasi vikikitenganisha kifuko taratibu na ini. Hakugeuza uso safari hii. Alitazama hadi mwisho. Nikawaza, sasa atasema.

"Minaona," akasema. Akamrudishia simu. "Basi imetoka. Mutoto akitoka huku ataenda kwangu, Walungu."

Ni hilo tu.

Nilipata hasira. Kisha nikaangalia mikono yake imeshika ukingo wa kitanda, nikakumbuka alichosema siku ile mlangoni: binti yangu alizaa mutoto muzima. Mimi niliposikia alizaliwa nayo, nilisikia kwamba sina kosa. Yeye alisikia kwamba kosa ni la Faida. Faida ambaye alimrudia kutoka barabarani amefunikwa shuka, na ambaye hakumwachia kitu kingine duniani ila huyu mtoto. Labda karuho ilikuwa nafuu kwake. Karuho ina mtu wa kulaumu, na mtu huyo angekuwa mimi.

Kuelewa hakukuniondolea maumivu. Lakini kulinisaidia kuongea.

"Koko," nikamwambia, "mutoto haendi Walungu sasa. Dokta anataka kumuona tena. Akipata nguvu, mi mwenyewe njo nitamuleta, na nitalala kule."

Koko akaniangalia usoni. Sikumbuki mara ya mwisho alipofanya hivyo.

"Sawa," akasema. "Ukikuja, ulete chumvi. Kule haipatikanake vizuri."

Akajifunika kikwembe kichwani, akaenda zake na mvua.

Nilibaki na Bisimwa kwenye benchi hili. Ansima alikuwa ameshasinzia. Sijui kwa nini niliuliza leo, leo ambapo kila kitu kimekwenda vizuri. Labda kwa sababu sasa hatari imepita na sikuwa na sababu ya kungoja tena.

"We uliamini?" nikamwuliza.

Hakuuliza kuamini nini. Alisugua viganja vyake, vina mafuta meusi ya gereji ambayo hayatoki hata kwa sabuni.

"Sikujua," akasema.

Kisha akasema, bila kunitazama:

"Zile wiki, nilikuwa nakulaka ku kazi."

Nikakumbuka. Alikuwa akirudi jioni anasema hana njaa. Nilidhani ni huzuni ya mtoto imemkaba koo. Nilikuwa namfunikia sahani yake vizuri, nikimwonea huruma, na asubuhi namwaga.

"Nilijua haiko we," akasema. "Nilijua. Na bado niliogopa."

Siwezi kusema kwamba ni uongo. Naamini kwamba alijua, na naamini kwamba aliogopa. Angeniambia tu kwamba alidanganywa na Koko, ningekasirika na ingekwisha. Lakini mtu anayekujua, anayelala ubavuni mwako, halafu anakwenda kula mahali pengine kimyakimya ili asikuumize... huyo nimfanye nini?

Mtoto aliniambia usoni nionje. Sasa naona kwamba yeye ndiye aliyeniheshimu.

Daktari anasema Ansima ataangaliwa kwa miaka, maana pale palipounganishwa panaweza kubana siku moja, au joto likarudi. Kila atakapohitaji kuja, nitamleta mimi. Hilo nimeliamua, sikumwuliza mtu. Ananihitaji au ni mimi ninayemhitaji, sitaki kulichambua leo.

Kuhusu baba yake bado sijaamua kitu. Sina hasira ya kutosha kuondoka. Sina amani ya kutosha kusema tuendelee kama zamani. Nimekaa katikati, na sijui watu hukaa hapa kwa muda gani.

Kama usiku utapita bila homa, kesho tunarudi nyumbani. Nimemwambia Bisimwa kwamba kesho jioni yeye ndiye atakayepika. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu makaa tunaweka wapi.